Mfereji wa Erie, njia ya nyumbu ninayopita kila asubuhi

Natoka kazini saa moja asubuhi. Kazi yangu ni ya usiku, nahudumia wazee kwenye nyumba moja ya kulelea wazee huku magharibi mwa Rochester, jimbo la New York, na kurudi nyumbani natumia baiskeli kwa sababu basi huku ni la kubahatisha, alafu ukishakesha usiku kucha na wagonjwa hutaki tena kusimama kituoni kwenye baridi. Njia yangu inafuata maji mwanzo mwisho. Na niseme ukweli, miaka miwili mizima nilikuwa najua yale maji ni mto. Yana bata, yana miti imeinamia pembeni, watu wanavua, asubuhi ukungu unakaa juu yake umetulia kabisa. Nani angenambia kwamba ni kitu cha kuchimbwa?

Nilijua Desemba moja. Nimetoka kazini, nafika pale naona maji hayapo. Yaani limebaki tope, vidimbwi vidimbwi, tairi, kitoroli cha supamaketi kimelala ubavu, na kando kuta za mawe yaliyopangwa moja juu ya jingine. Moyo ulinipasuka, nikajua kuna bwawa limevunjika mahali na watu wamekufa. Nikamsimamisha baba mmoja anatembeza mbwa, nikamuuliza kumetokea nini, akanijibu bila wasiwasi kwamba hakuna kitu, ni mfereji, kila mwaka baridi ikianza wanautoa maji ili wakarabati na barafu isiharibu kuta, kipindi cha joto wanaujaza tena. Mfereji? Akasema ndiyo, Mfereji wa Erie.

Basi tangu siku ile sijaacha kuusoma. Nimepanda baiskeli vipande vyake vingi, nimekwenda makumbusho, nimekaa masaa kwenye malango ya maji kutazama boti zinavyopandishwa, na kila nikirudi nyumbani nakuwa na mtu wa kumsimulia. Leo nawasimulia nyie.

Kwanza tuelewe shida ilikuwa nini. Marekani ya miaka ya 1800 mwanzoni ilikuwa na watu wengi pwani, na bara kulikuwa na ardhi nzuri isiyo na njia ya kufika, maana katikati imelala milima ya Appalachia kama ukuta. Mkulima wa huku akivuna ngano hana pa kuipeleka, gharama ya kuisafirisha kwa gari la farasi inazidi bei ya ngano yenyewe. Lakini ndani ya ule ukuta kuna mwanya mmoja, bonde la mto Mohawk, kutoka mto Hudson kuelekea magharibi. Aliyeandika kwa kina kabisa kwamba hapa panafaa kupitishwa mfereji mpaka Ziwa Erie alikuwa mfanyabiashara wa unga aliyefilisika, Jesse Hawley, na aliyaandika hayo mwaka 1807 na 1808 akiwa amefungwa jela kwa ajili ya madeni! Makala zake zilitoka gazetini kwa jina la kujificha, Hercules. Mimi hapo huwa natulia kidogo. Mtu amepoteza kila kitu, mizigo isiyofika ndiyo iliyommaliza, na yupo ndani anachora njia ambayo mizigo ya wenzake itapita.

Rais Jefferson alipopelekewa wazo lile mwaka 1809 alisema ni karibu sawa na wazimu. Mwaka 1817 rais mwingine, Madison, akapiga veto muswada ambao ungetoa hela za serikali kuu kwa kazi kama hizi. Kwa hiyo jimbo la New York likaamua kujichimbia lenyewe, likakopa kwa kuuza hatifungani, na mtu aliyelibeba jambo lile kichwani alikuwa DeWitt Clinton, aliyekuja kuwa gavana. Wapinzani wakauita mtaro wa Clinton. Tarehe 4 Julai 1817 jembe la kwanza likaingia ardhini pale Rome, mji wa katikati ya jimbo, mahali tambarare ambapo kazi ni rahisi, ili watu waone haraka kwamba kinachimbika.

Vipimo sasa. Urefu kilomita 584, kutoka Albany kando ya mto Hudson mpaka Buffalo kando ya Ziwa Erie. Upana kama mita 12 juu, kina mita 1.2 tu, yaani maji ya kufika kifuani kwa mtu mzima. Ziwa Erie liko juu kuliko mto Hudson kwa zaidi ya mita 170, kwa hiyo ikabidi yajengwe malango 83. Kwa ambaye hajawahi kuona, lango ni chumba cha mawe chenye milango mikubwa mbele na nyuma, boti inaingia, mlango wa nyuma unafungwa, maji yanafunguliwa kutoka upande wa juu, boti inapanda yenyewe taratibu mpaka inalingana na maji ya mbele, mlango wa mbele unafunguliwa, inaondoka. Hamna pampu. Maji yanajishukia tu, boti inabebwa.

Na walioyajenga hayo hawakuwa mainjinia! Benjamin Wright na James Geddes walikuwa mahakimu waliozoea kupima mipaka ya mashamba. Kijana mmoja, Canvass White, alivuka bahari kwenda Uingereza akatembea kwa miguu kilomita mamia kwa mamia kando ya mifereji ya kule akichora kila anachokiona, aliporudi akagundua mawe ya huku huku New York, karibu na Chittenango, yanayotoa chokaa inayogandia hata chini ya maji. Bila ile chokaa malango yangevuja yote. Kwenye misitu walibuni mashine ya kung'oa visiki, magurudumu makubwa kuliko mtu, watu wachache na ng'ombe wanang'oa visiki thelathini, arobaini kwa siku. Shule ya uinjinia ya nchi hii, watu wengi wanakubali, ni ule mtaro wenyewe, maana waliojifunzia pale ndio waliotawanyika kujenga mifereji na reli kwingine.

Ila kuna vipande ambavyo mashine hazikusaidia. Magharibi mwa Syracuse kuna kinamasi cha Montezuma, na kiangazi cha 1819 watu zaidi ya elfu moja waliugua homa pale, wengi wakafa. Ilikuwa malaria, kwa kiasi kikubwa. Sisi hatuhitaji kuelezewa malaria, nimeugua nikiwa mtoto Tanga, mama yangu amenikanda usiku kucha, kwa hiyo nikisoma habari za wale vibarua wamesimama kwenye maji ya magotini huku wanatetemeka naumia kweli. Na hawakujua mbu anahusika, waliamini ni hewa mbaya. Wengi waliochimba walikuwa wakulima wa karibu na wahamiaji, Waayalandi hasa kadri kazi ilivyosogea magharibi, wanalipwa kidogo, wanakunywa pombe kali mchana kazini kama sehemu ya posho. Mwishoni kabisa walikutana na jabali pale Lockport, hapo wakapasua mwamba kwa baruti kilomita kadhaa, na palipoinuka sana wakajenga malango matano yamefuatana kama ngazi, tena pande mbili, ya kupanda na ya kushuka, ili boti zisigongane.

Lockport nimekwenda mara tatu. Ngazi ya mawe ya zamani upande mmoja bado ipo, maji yanaporomoka hapo kama maporomoko madogo, na ubavuni yapo malango mawili ya sasa, namba 34 na 35, yanayofanya kazi ya yale matano. Mara ya mwisho iliingia boti moja ya mzee na mkewe, wameshika kamba zilizoning'inia ukutani ili boti isiyumbe, ukuta una utelezi wa kijani, maji yanapanda wala huyasikii, unaona tu ile michirizi ya majimaji ukutani inamezwa mmoja mmoja, na baada ya dakika chache uso wa yule mama uliokuwa chini kabisa shimoni uko usawa wa miguu yangu ananisalimia. Nilitaka kupiga makofi.

Mfereji ukakamilika Oktoba 1825. Tarehe 26 Clinton akapanda boti iitwayo Seneca Chief kutoka Buffalo, na kwa kuwa hapakuwa na simu wala telegrafu walipanga mizinga njia nzima, wa kwanza ukapigwa, wa pili ukisikia nao ukapigwa, hivyo hivyo mpaka habari ikafika jiji la New York baada ya kama saa moja na nusu. Yeye alifika tarehe 4 Novemba na pipa la maji ya Ziwa Erie, akayamwaga baharini. Mwaka mmoja tu nyuma wanasiasa walikuwa wamemfukuza kwenye kamati ya mfereji, bila hata mshahara maana hakuwa analipwa, wananchi wakakasirika wakamrudisha ugavana.

Boti hazikuwa na injini. Zilivutwa na farasi au nyumbu (nyumbu huyu ni mtoto wa punda na farasi, sio yule wa Serengeti) wanaotembea kwenye njia nyembamba kando ya maji, kamba ndefu, na nyuma yao anatembea mtoto wa kiume kuwaongoza. Watoto wale wengine walikuwa yatima, wanatembea shifti ya masaa sita mchana, sita usiku, mvua iwe isiwe. Mwendo ni wa mtu anayetembea haraka, na hata hivyo ulibadilisha nchi. Kusafirisha tani moja kutoka Buffalo hadi New York kulikuwa kama dola 100, ikashuka chini ya dola 10. Rochester ilikuwa na watu 1,502 mwaka 1820, miaka kumi baadaye wako 9,207, kwa sababu mto Genesee una maporomoko ya kusukumia vinu vya kusaga na sasa unga una njia ya kuondokea. Buffalo kutoka elfu mbili hivi mwaka 1820 ikafika zaidi ya 42,000 mwaka 1850, na pale ndipo Joseph Dart alipojenga mwaka 1842 ghala refu la nafaka linalopakua ngano melini kwa mashine ya mvuke, kabla ya hapo ilikuwa ni Waayalandi wanabeba magunia mgongoni. Ushuru ulilipa deni lote la ujenzi kufikia 1837. Syracuse mpaka leo lipo jengo la mwaka 1850 lililokuwa mizani, boti nzima inaingia ndani, maji yanatolewa, boti inakaa juu ya mizani inapimwa ndipo inatozwa. Sasa ni makumbusho na unaingia palepale boti ilipokaa.

Hapa lazima niseme na upande wa pili, kwa sababu kwenye vibao vingi vya utalii ni mstari mmoja tu. Ile ardhi ilikuwa na wenyewe. Haudenosaunee, yaani mataifa ya Mohawk, Oneida, Onondaga, Cayuga, Seneca na Tuscarora, ndio waliokuwa wakiishi na kulima na kupita bonde lile, hata njia ya mfereji inafuata njia zao za zamani. Walisukumwa kwa mikataba ya kulazimishwa na ya udanganyifu, na mfereji ulipokaribia na bei ya ardhi kupanda, shinikizo likawa kubwa zaidi, wengine wakahamishiwa mbali kabisa Wisconsin. Alafu boti ya sherehe ikapewa jina la Seneca. Miaka mia mbili ilipotimia, mwaka 2025, watu wa kujitolea kule Buffalo walikuwa wameunda Seneca Chief nyingine ya mbao, wakasafiri nayo mpaka New York, na njiani walipanda misonobari, mti wa amani wa Haudenosaunee. Kwangu ni jambo zuri ila halirudishi shamba.

Mfereji wenyewe haukukaa ulivyo. Mizigo ilizidi mpaka kuanzia 1836 wakaanza kuupanua, mita 21 kwa upana na 2.1 kwa kina, kazi ikachukua hadi 1862, na wakati wanapanua reli nazo zinakuja, ambazo baridi haizisimamishi. Mwaka 1882 jimbo likafuta ushuru kabisa ili boti zisikimbie. Haikutosha. Ndipo mwanzoni mwa karne iliyofuata wakaamua kujenga mwingine mkubwa wa matishari ya injini, ukafunguliwa 1918, ukitumia mito yenyewe badala ya kuikwepa, malango ya umeme, na safari hii hauingii katikati ya miji. Rochester ukapita kusini. Syracuse ukapita kaskazini. Miji iliyozaliwa na mfereji ikabaki na mtaro mkavu katikati, unanuka.

Walivyoutumia ule mtaro ndipo inapovutia zaidi kwangu. Syracuse waliufukia ukawa barabara, inaitwa Erie Boulevard, leo ukipita unaona maduka ya matairi na vyakula vya haraka tu. Rochester wakaweka reli ndani yake! Treni ya chini ya ardhi ilipita kwenye kitanda cha mfereji kuanzia 1927 mpaka 1956, na pale mto Genesee ulipo, lile daraja la mawe la 1842 lililobeba mfereji juu ya mto, maji juu ya maji, likabebeshwa treni chini na barabara ya magari juu, Broad Street. Nilishuka humo siku moja na rafiki zangu. Ni giza, matao makubwa, kuta zimejaa michoro ya rangi, na katikati ya matao unauona mto unapita chini yako. Unasimama mahali ambapo alipita nyumbu na pipa la unga, ikapita treni na abiria, na sasa umebaki wewe na tochi ya simu.

Mwaka 1951 ndio mfereji mpya ulibeba mizigo mingi kuliko wakati wowote, zaidi ya tani milioni 5, mafuta mengi humo. Miaka ileile barabara kuu ya kulipia ya jimbo inajengwa, na 1959 ikafunguliwa njia ya bahari ya mto St. Lawrence, meli kubwa zikawa zinaingia maziwa makuu moja kwa moja kupitia Kanada. Biashara ikaisha taratibu. Bado mara chache kinapita kitu kikubwa, mwaka 2017 kiwanda cha bia cha Rochester kililetewa matangi kumi na mawili makubwa ambayo barabarani hayapiti, yakaja kwa tishari, watu wakatoka na viti kukaa kandokando kuyaangalia.

Na si kwamba umelala hauna madhara. Mashariki mwa Rochester mfereji unapita juu ya tuta refu, nyumba ziko chini, na Oktoba 1974 watu waliokuwa wanachimba njia ya maji taka chini yake waliutoboa, maji yakashuka kwenye mtaa, nyumba nyingi zikaharibika. Ndo maana nilivyoogopa siku ile ya Desemba sikuwa mjinga. Medina kuna barabara inayopita chini ya mfereji, pekee katika njia nzima, nimeipita, dari ya tao inadondosha matone na unajua kabisa juu ya kichwa chako kuna maji na pengine boti.

Leo unasimamiwa na shirika la umeme la jimbo. Wakulima wa huku wanavuta maji yake kumwagilia, mashine za umeme zinazunguka pembeni ya baadhi ya malango, boti za starehe zinapita bure au karibu na bure. Ila wanaoutumia hasa ni sisi wa pembeni. Ile njia ya nyumbu, kitu ambacho kilikuwa cha watumishi na wanyama, kimeunganishwa kipande kwa kipande ikawa njia ya baiskeli na miguu kutoka Buffalo mpaka Albany, kama kilomita 580, na tangu mwisho wa 2020 ni sehemu ya njia moja inayokwenda mpaka jiji la New York. Asubuhi nawapita wazee wanatembea, akina mama na vigari vya watoto, wanafunzi wanakimbia. Hakuna anayelipa.

Na wapo watu wetu. Huku kuna familia nyingi za Wakongo na Warundi, wengi wamepitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, na kuna mzee mmoja wa Uvira ninayemkuta karibu na daraja, ana ndoo, ana kiti cha kukunja, leseni ya kuvulia ameiweka kwenye mfuko wa plastiki kifuani. Alikuwa mvuvi wa Ziwa Tanganyika. Tunasalimiana kila mara, yeye ananiita mama ingawa ananizaa, ndo heshima ya kwao. Siku moja nikamwambia habari za mfereji, akanyamaza muda mrefu, kisha:

"Mama, unasema hii maji ni watu ndio walichimba? Na mikono?"

"Ndiyo baba. Na majembe, na ng'ombe."

"Kufika wapi?"

Nikamwambia mpaka bahari. Akaangalia upande wa mashariki, akaangalia na upande wa magharibi, akavuta uzi wake kidogo. Akaniuliza kama walilipwa. Nikasema kidogo sana. Akasema nyumbani kwao mto ukifurika unachukua nyumba, watu wanajenga tena palepale, na hajawahi kuona maji yanayokubali kuambiwa yapite wapi.

Wakati ule daraja la Spencerport likaanza kulia kengele. Ni daraja la chuma la kuinuka, yapo kumi na sita ya namna hiyo kati ya Fairport na Lockport. Magari yakasimama pande zote mbili, watu wanawahi kazini, na daraja zima likapanda juu kwa ajili ya boti moja ndogo ya kijani yenye mtu mmoja na mbwa. Mzee akainua uzi wake ili isije ikanasa. Boti ikapita, yule mtu akatupungia mkono, viwimbi vikaja mpaka kwenye mawe miguuni kwetu, na kabla daraja halijashuka uzi wa mzee ulikuwa umeshavutwa. Kambare. Aliniwekea kwenye mfuko nikaenda naye nyumbani kwenye baiskeli.